Moshi wa Jikoni Elburgon

Awuor, uko? Usinipigie, nimejifungia kwa choo cha studio nalia.

Unamkumbuka Mama Maxwel wa Elburgon, yule aliyeleta picha ya boma lao mwaka jana? Amekuja leo kutoka kambi ya wakimbizi. Nyumba yao ilichomwa Januari, simu yake ikaungulia humo. Picha imebaki kwa kompyuta yetu tu, akaomba tumtolee nakala moja.

Nikataka kumfurahisha. Anga la hiyo picha lilikuwa la kijivu kama shuka kuukuu. Nikalikata lote, nikaweka lile letu la samawati lenye mawingu, ambalo bosi wangu Hitesh hubandika hata kwa picha za harusi. Nikaseivu juu ya ile ya kwanza. Juu yake, Awuor, ya kwanza ikafutika!

Nikaichapa, akaishika, akaniuliza, "Msichana, moshi uko wapi?"

Nikajibu kwa mdomo wangu huu, "Mathe, nimekutolea uchafu wote."

Uchafu. Nimesema uchafu.

"Hapo jikoni mamangu alikuwa anapika," akasema. "Yeye haonekani. Ni moshi wake tu."

Na huyo mamake alifia kambini wiki jana.

Nikarudi kwa kompyuta nikachora moshi, kwa ufundi wote niliopewa chuoni. Akautazama sana.

"Huo ni wako," akasema, wala hakukasirika. "Wa mama ulikuwa unainamia shamba la mahindi."

Ameiacha picha kaunta, Awuor. Bado iko hapo, na lile anga zuri.