Baba Mkwe Kakaza Boliti, Kaboni Ikasema Kach

Mpendwa Shangazi mshauri, shikamoo, naomba msaada na naomba unijibu kabla ya Jumapili, maana baada ya hapo huenda nikawa naandika kwa mkono wa kushoto. Mimi ni fundi wa meno ya bandia, nimeoa, nyumbani kuna amani, na starehe yangu pekee ni baiskeli ya mbio ya kaboni, ile nyuzi ngumu nyepesi isiyo chuma, niliyoinunua kwa kujinyima mpaka mke wangu akaanza kuiita mke mwenzake. Sasa Shangazi, baba mkwe wangu ni fundi wa kuchomelea mageti, mtu wa chuma tangu ujana wake, na ananipenda, tena hapo ndipo balaa lilipoanzia, kwa sababu mwezi uliopita alikuja kututembelea nikiwa kazini, akakuta kiti cha baiskeli kinacheza kidogo, akasema mkwe wake hawezi kukalia kitu kinachocheza yeye akiwa hai. Akaichomoa ile nguzo ya kiti, akaipaka grisi kama anapaka bawaba ya geti, na kaboni ukiipaka grisi inateleza, basi kila akikaza kiti kinazama, kila kikizama anaongeza nguvu, mwisho akachomeka bomba kwenye mpini wa spana ili aning'inie vizuri, nami ndiyo naingia getini nikasikia kach!

Nikasema, "Baba, umesikia?"

Akasema, "Kimekaa hicho. Hakitoki tena."

Akatia spana mfukoni, akakataa chai, akaondoka mbio kana kwamba ameacha moto jikoni. Mke wangu akaniambia, "Unaona baba anavyokujali? Mpigie umshukuru." Nikampigia nikamshukuru.

Baadaye nikaichunguza ile nguzo, nikaona ufa mwembamba kama unywele, pale pale kibano kinapoishika. Shangazi, nyufa nazijua, nashinda nazo kazini, jino lenye ufa kama ule silitoi hata kwa adui. Lakini namwambiaje mzee aliyenipa binti yake bila maneno mengi kwamba mikono yake imeniharibia kitu? Nimeshindwa. Na kuipanda naogopa. Basi kila Jumamosi navaa kaptula ya kubana, helmeti na vile viatu vinavyogonga sakafu ko-ko-ko, namuaga mke wangu, naisukuma baiskeli mpaka nyuma ya kona, naingia kwa kinyozi, nakaa humo mpaka muda wa kurudi, kinyozi ananipulizia maji usoni, halafu narudi nyumbani nahema. Kwa kuwa siwezi kukaa kwake bure, nimenyolewa mpaka hakuna kilichobaki cha kunyoa. Mke wangu anasema mazoezi yananipendeza.

Na baba mkwe hanipi nafasi ya kupumua. Kila nikirudi simu inaita, "Umefika salama, mwanangu? Kiti je?" Najibu, "Kiti ni mwamba, Baba." Kaniletea pedi za magoti ambazo sikuziomba. Sasa ametangaza kwamba Jumapili nitashuka ule mteremko mrefu wa kuelekea mtoni naye akinifuata nyuma na pikipiki yake, tena amefunga kisanduku cha huduma ya kwanza kwenye keria, nadhani ni pambo. Shangazi, nipande nimheshimu mkwe wangu, au nikatae nionekane sina adabu?

Ni mimi, Mkwe wa Kinyozini.

SHANGAZI ANAJIBU

Mkwe wa Kinyozini, marahaba. Pole sana, halafu keti vizuri nikuseme.

Baiskeli hiyo usiipande. Si Jumapili, si hata mpaka dukani. Chuma mara nyingi kina adabu, kikichoka hupinda kwanza, ukapata nafasi ya kushuka. Kaboni haibishi hodi. Inaweza kukaa na ufa wake kimya, siku ikikatika inakatika yote, nawe uko juu kwenye mteremko, na kilichobaki chini yako ni kipande chenye ncha. Naishia hapo, hili ni gazeti la familia. Unatengeneza meno ya watu, sasa unataka kuwa mteja wako mwenyewe?

Na usije ukaniambia gundi! Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini wahenga hawakuwahi kukalia kaboni. Nguzo hiyo haizibwi, inatupwa, tena ikate vipande kabisa asije mwingine akaiokota. Baiskeli ipeleke kwa fundi anayeijua kaboni aikague na fremu, maana nguvu za mkweo huenda hazikuishia kwenye nguzo. Afunge mpya bila grisi, kuna krimu maalumu ya kuzuia isiteleze, na atumie ile spana inayolia tak boliti ikifikia kipimo kilichoandikwa. Ikilia, mkono uachie.

Sasa tuje kwenye hiyo heshima. Jamani, wewe! Uliisikia kach kutoka getini. Yeye sikio lake lilikuwa wapi? Mtu aliyekula na kulala na chuma maisha yake yote asisikie kitu kikipasuka mkononi mwake? Chai aliikatalia nini? Mbona anapiga simu kila ukirudi? Hizo pedi za magoti je? Eti kisanduku ni pambo! Mzee wa watu anajua alichokifanya, aibu imemziba mdomo, na kwa vile hawezi kusema, ameamua akufuate nyuma akuokote. Nawe kila ukimwambia kiti ni mwamba unampandisha presha.

Fanya hivi, na ufanye leo. Kabla hujaikata nguzo, itie kwenye mfuko, nenda karakanani kwake, iweke juu ya meza yake, sema, "Baba, hii imepasuka, naogopa kuipanda." Kisha nyamaza, usiongeze hata neno. Akitaka kukuchomelea nguzo ya chuma, mshukuru, mwambie unaomba badala yake chuma cha kutundikia baiskeli ukutani. Hapo akaze mpaka nyumba ilie.

Jumapili nendeni mtoni wote wawili kwa pikipiki, wewe kaa nyuma umshike kiuno. Mkeo mweleze kila kitu, na cha kinyozi pia. Akikuuliza imekuwaje baba yake na mumewe wote walijua, na wote wakanyamaza mpaka akakaribia kuwa mjane, mwambie mlikuwa mnaheshimiana.