Simu ya Bustani ya Wanyama

Shoga, nimechoka, na leo nimejiaibisha.

Si Jumamosi tunawapeleka watoto bustani ya wanyama? Mama mkwe naye anataka kwenda, na magoti yake unayajua.

Nikapiga simu, nikamuuliza mkata tiketi, "Naweza kumwacha bibi hapo getini, mtu amwangalie mpaka tutoke?"

Akanijibu, "Dada, sisi hapa tunatunza wanyama tu."

Wanyama tu, shoga.

Kugeuka, mama mkwe yuko mlangoni, kiatu mkononi, anakipiga brashi.

"Mwambie sitamsumbua," akasema, taratibu kabisa. "Nitakaa tu."

Sitamsumbua!

Nimepiga tena kuulizia kiti cha magurudumu. Wanacho. Nimemwambia mama mkwe nitamsukuma mwenyewe siku nzima.

"Ahsante, mwanangu," akasema.

Bora angenitukana.