Shingo ya Ami Matar

Shaima wa ami yako,

Tangu nilazwe nipasuliwe ngiri, hospitali nzima imeacha shughuli zake, inanihudumia mie tu. Daktari wa dawa ya usingizi, binti mdogo, alinipima shingo kwa futi ya fundi cherehani, akanichungulia kooni.

"Mzee wangu, shingo imemeza kidevu. Unakoromaga?"

"Mie? Nalala kama kichanga."

"Ukinificha, koo litaziba ukiwa usingizini na mimi sijajiandaa. Utanifia mezani."

Mke wangu Bahiya akaangalia dari. Basi nikakiri kuwa nakoroma. Wakaandaa mpira wa kupumulia wenye kamera, wa kupitisha kooni, nikapumua vizuri hadi mwisho. Sasa nakunywa uji na kutoa amri wodini.

Ila mwanangu, lile jenereta lililokuwa likikunyima usingizi ulipolala kwetu Mbezi, jirani hajawahi kuwa nalo. Nilikuwa mie.

Ami yako,
Matar