Cheni Imelegea, Nami Nikasema Gari ni Zima

Mpendwa Mama Eduvina, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, mimi ni fundi wa magari hapa El Alto, Bolivia, na kompadre wangu Wilmer ana basi dogo ambalo mwaka jana tulilipeleka kanisani kwa Bikira wa Copacabana likabatizwa, likavikwa maua na kumwagiwa bia, nami nikawa mama yake wa ubatizo, ndipo mimi na Wilmer tukaitana komadre na kompadre, sasa juzi kaliwasha asubuhi ya baridi nikasikia injini inalia kama kopo lenye misumari, nikafungua kifuniko cha juu, nikaizungusha kwa spana polepole, nikakuta cheni ya taimingi naichezesha kwa kidole, kikazio chake kimetoka hadi mwisho, na nilipofungua sampo, bakuli la oili chini ya injini, nikatoa vipande vya plastiki ya reli inayoiongoza cheni, nikamwambia hii haifiki Yungas, akanijibu, "Komadre, gari ulilolibatiza mwenyewe leo unalitabiria kifo?" akatia oili nzito, kelele ikapungua, akaona yamekwisha, na Jumamosi anateremka Coroico, huko huko Yungas, harusini na watu kumi na wanne, mkewe Nilda akiwemo, na Nilda aliponiuliza nilimwambia gari ni zima, maana kwetu mtu hagombani na kompadre. Nina hasira naye hadi silali. Nifanyeje?

Primitiva

Primitiva,

Pole, ila hasira yako umeielekeza pasipostahili. Wilmer ni mkaidi, na sikio la kufa halisikii dawa, lakini yeye hakuigusa ile cheni. Uliigusa wewe, kisha ukamtazama Nilda usoni ukamdanganya. Mimi nimekukasirikia wewe.

Oili nzito inanyamazisha kelele, cheni haiikazi. Ikiruka meno kwenye mteremko injini inazimika, breki inagoma kukanyagika, na kando ni korongo. Unayajua hayo kuliko mimi. Au unangoja Bikira ashuke na spana? Mama wa ubatizo akimwona mtoto ana homa, hunyamaza asimuudhi baba yake?

Leo hii nenda kwa Nilda na vile vipande vya plastiki. Mwambie, "Nilikudanganya," kabla hata ya salamu. Kisha wafuate abiria nyumba kwa nyumba uwaonye, na mwambie Wilmer utambadilishia cheni, kikazio na reli, vyote kwa pamoja, ama hakuna safari. Atakutukana mbele za watu, na huenda asikuite komadre tena maisha yake yote.

Mwache akutukane. Jumapili awe hai akutukane tena.

Mama Eduvina