Manukato Yangu na Koti Lako

Baba Salma,

Nakuandikia nikiwa bado nimekaa eda yako, zimebaki siku tisa. Nimetimiza yote: dhahabu nimevua, wanja sijatia, marashi sijagusa. Lakini nyumba inanukia, mume wangu.

Harufu yenyewe unaijua. Yale manukato ya kichupa cha kijani uliyoniletea mwaka juzi: kwanza ndimu iliyokatwa sasa hivi, halafu majani mabichi, halafu asumini kwa mbali. Ukaniambia, "Udi uweke wa majira ya baridi. Kiangazi cha Brussels ni wiki sita tu, kivalie rasmi." Nilikucheka, lakini tangu hapo kila Juni nilijipulizia hayohayo.

Sasa yananijia ukumbini saa kumi alasiri, saa uliyokuwa ukirudi kutoka lindoni, kule kwenye maofisi ya mtaa wa Schuman. Mara ya kwanza nikasema ni jirani. Mara ya pili nikasoma Ayatul Kursi. Juzi shoga yangu Bi Rukia alikuja kunijulia hali; akanusa, akanitazama, akaaga mapema. Heri angenitukana! Mjane yumo edani ananukia kama bibi harusi. Nikaanza kujishuku, labda najipulizia bila kujitambua? Kichupa nikampa Salma akifungie chumbani kwake. Harufu ikaja vilevile. Wallahi niliogopa.

Jana ikaja barua ya kampuni, wanataka sare yao. Nikalitungua koti lako nyuma ya mlango wa ukumbini, pale jua la alasiri linapopiga kupitia kioo cha dirisha. Lilikuwa na joto, kama limevuliwa sasa hivi. Nikapekua mifuko. Ule wa ndani nikakuta kitambaa chako cha kufutia jasho. Nikakinusa, ndimu na asumini, nikakaa sakafuni.

Kumbe mwizi wa manukato yangu ni wewe! Nilivyomgombeza mtoto kwamba anayamaliza, mpaka akalia, nawe umekaa unakunywa chai yako, eti, "Labda jini. Majini wanapenda vizuri." Pandikizi la mtu, mlinzi wa getini, kutwa umebeba harufu ya mkeo mfukoni na mdomo umeufunga. Si ungeniambia? Miaka kumi na tisa, ungeniambia mara moja tu. Nimekukasirikia na nimekulilia, vyote pamoja.

Salma nimemwomba radhi. Koti amelipeleka leo asubuhi. Kitambaa nimekitia kwenye kopo la majani ya chai, nikakaza kifuniko.

Sasa hivi ni saa kumi, Baba Salma. Nyuma ya mlango hakuna kitu, na ukumbi unanukia ndimu.

Siogopi tena. Mwenyezi Mungu akulaze pema. Eda ikiisha nitaoga, nitavaa gauni lile la kijani, nitamwomba Salma kichupa changu, nijipulizie. Kisha nitakiacha mezani, wazi. Usiibe tena, baba. Chukua tu.

Mkeo,
Mama Salma