Mfuko Mwekundu wa Kulalia

Mjukuu wangu Kulwa,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Hapa Mkolani tu wazima, na babu yako bado anagombana na kuku wake. Unauliza uchague mfuko gani wa kulalia kwa safari yenu ya mlimani.

Ingia ndani yake hapo hapo dukani. Miaka ya tisini, mitumba ilipofurika Kirumba, nilitafuta wangu wa safari ya kwaya kwenda Ukerewe. Nikapenda mwekundu wenye zipu nzima. Muuzaji akasema, "Dada, jilaze upime." Mimi, mke wa mtu, nijilaze sokoni? Nikaubeba hivyo hivyo. Kule kisiwani ukaniishia kifuani. Kumbe ulikuwa wa mtoto! Baridi ya ziwa siisemi. Wenzangu walicheka, nikacheka nao.

Niliporudi, mama yako, akiwa na miaka mitano, aliingia akafunga zipu mpaka kidevuni. Akaufanya wake.

Wako ukiufua usiukamue, na nyumbani usiuache umebanwa, utundike upumue. Ule wangu nimeutunza hivyo hadi leo. Juzi mama yako aliukuta msumarini, akajaribu kuingia tena.

Ukamwishia kifuani.

Bibi yako