Jino la Hamisi

Newala

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Shangazi kaniambia umeanza tena kushuka bondeni kwenye tangawizi. Nimefurahi, na nimeogopa pia. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio hautulii. Nimeona niandike, maana kwenye simu ningeishia njiani.

Msitu wa huku si kama wetu wa Lushoto. Kiangazi hiki miti imepukutisha majani yote, na njia ya kwenda Masasi ni mashina matupu pande zote. Kazi yetu ni kuchunguza kama matunda ya msitu huu, mabungo na furu, huwasaidia watoto miezi ya njaa. Tunayapima matunda, na tunawaomba wazazi meno ya utoto yaliyong'oka. Jino likikatwa jembamba na kutazamwa kwa hadubini, huonyesha mistari pale mtoto alipougua au kukosa chakula.

Katika kijiji cha Mkunya yuko Bi Somoe. Binti yake alifariki akamwachia mjukuu, Hamisi, wa miaka miwili. Amemlea mpaka kaanza shule. Mwaka huu ndugu wa baba yake wakaja wakamchukua kumpeleka Tandahimba, wakidai bibi anamlisha mtoto matunda ya porini kama nyani. Jino la Hamisi tulikuwa nalo tayari. Bi Somoe akanishika mkono: "Kuna kikao cha wazee juu ya mtoto, mwanangu. Njoo useme jino limeonyesha nini."

Jino lilionyesha mtoto mwenye afya, bila mstari hata mmoja wa njaa. Lakini mama, jino lile huumbika tumboni na katika mwaka wa kwanza wa kunyonya, basi. Miaka ya kwa bibi haimo. Nilimweleza hivyo kabla ya kikao. Akaendelea kumenya mihogo, akasema twende tu.

Kikaoni, baba mkubwa wa Hamisi akaniuliza mbele ya wote: "Mtoto alishiba kwa bibi yake, au hakushiba?"

Neno moja lingetosha, mama, na zaidi ya Bi Somoe hakuna ambaye angejua.

Nikasema, "Jino haliwezi kujibu hilo. Liliumbika kabla hajafika kwake. Ninachojua, matunda yale tumeyapima, na ni chakula."

Wazee wakashauriana kwa Kimakonde. Wakaamua Hamisi abaki Tandahimba, likizo aende kwa bibi yake.

Nilimsindikiza Bi Somoe nyumbani. Tulipofika akasema, "Kumbe binti yangu alimnyonyesha vizuri. Watu walisema maziwa yake hayakutosha." Akakaa kizingitini akalia, nami nikakaa naye.

Tangu siku hiyo naanza kazi naiacha, natoka nje narudi ndani. Nilisema kweli, na mtoto hayupo nyumbani. Ungekuwa wewe, mama, ungesemaje? Shule zikifungwa nitapita Mkunya nione kama wamemleta. Wasipomleta nitakwenda Tandahimba mwenyewe, hata mkuu wangu wa kazi aseme hayanihusu.

Nisalimie baba, shangazi, na mdogo wangu Juma. Mwambie apalilie yeye, wewe upumzishe goti. Mjomba fundi cherehani mpe shikamoo yangu.

Mwanao anayekukumbuka kila siku,
Mwanaidi